Vyama vya wachapaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapokaa na watu wenye mashine za kuchapa, iwe Kariakoo, River Road au Nasser Road kule Kampala, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye chama. Wengine wanakitaka, wengine walishakatishwa tamaa nacho, na wengi hawajui kazi yake hasa ni ipi. Maswali nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yanayojitokeza mara chache. Pale ninapotoa mfano wa hesabu, tarakimu ni za kuonyesha njia tu. Si bei ya soko.

## Mambo ya msingi

Chama cha wachapaji ni nini?

Ni umoja wa wenye biashara za uchapaji. Mwanachama kwa kawaida ni kampuni au duka, si mtu binafsi. Humo utakuta wenye ofseti (mashine zinazochapa kwa pleti, yaani bamba jembamba lenye picha ya kazi, moja kwa kila rangi), wenye mashine za dijitali zisizohitaji pleti, wachapaji wa vifungashio na lebo, wa skrini, na wanaojalidi vitabu. Vyama vingi hupokea pia wauzaji wa karatasi, wino, pleti na mashine kama wanachama washiriki: wanahudhuria na kuchangia, lakini hawapigi kura.

Kinachokifanya kiwe tofauti na kundi la marafiki ni kwamba waliomo ni washindani. Asubuhi mnakaa meza moja kujadili ushuru wa karatasi, mchana mnagombea kalenda za benki ile ile. Kanuni zote za chama, na hasa zile za bei, zinatokana na hali hiyo.

Mchapaji na mchapishaji si mtu mmoja?

Hapana, na mkanganyiko huu umewapeleka wengi kwenye mlango usio wao. Mchapishaji ndiye anayechukua mswada, anayelipa mwandishi na kubeba hasara kitabu kisipouzika. Mchapaji ndiye mwenye mashine. Anachapa alicholetewa na kulipwa kwa kazi hiyo. Kenya Publishers Association na Chama cha Wachapishaji Tanzania, PATA, ni vyama vya wachapishaji. Kuna siku maslahi yenu yanaenda pamoja, na kuna siku yanapishana kabisa. Tazama swali la vitabu vinavyochapwa nje.

Kina tofauti gani na chama cha wafanyakazi, chemba ya biashara au SACCO?

Chama cha wafanyakazi kinamtetea fundi wa mashine mbele ya mwajiri. Chemba ya biashara inakusanya kila mfanyabiashara, muuza mchele na mwenye hoteli pamoja. SACCO ni ya kuweka akiba na kukopa. Chama cha wachapaji ni cha sekta moja na shughuli zake ni za sekta hiyo tu. Kama chama kitataka kujadiliana mishahara kwa niaba ya waajiri, basi sheria za kazi zinataka kisajiliwe kama chama cha waajiri, na hilo ni jambo tofauti na usajili wa kawaida.

Vyama hivi vilianzia wapi?

Vya zamani kabisa ni vya mafundi wa miji ya Ulaya. Kule London, wanakili wa vitabu kwa mkono na wauzaji wa vitabu waliunda chama chao mwaka 1403, kabla hata mashine ya kuchapa haijafika Uingereza. Mwaka 1557 Malkia Mary I aliwapa hati ya kifalme, na Stationers' Company ikapata karibu ukiritimba wote wa uchapaji nchini, pamoja na mamlaka ya kupekua na kukamata vitabu visivyo na kibali. Kilikuwa chama cha wafanyabiashara, na wakati huo huo mkono wa serikali.

Chama cha namna tunayoijua leo ni cha baadaye sana. Mwaka 1887 wenye viwanda vya kuchapa Marekani walikutana Chicago na kuunda United Typothetae of America, kisa kikubwa kikiwa madai ya mafundi kutaka siku ya kazi iwe ya saa 9. Mwaka 1945 kikawa Printing Industry of America, na mwaka 2020 kikaungana na chama cha wachapaji wa skrini na mabango, ndiyo PRINTING United Alliance ya sasa. Kwa hiyo hata vyama vikubwa huungana teknolojia inapobadilika. India wana shirikisho la wachapaji tangu 1953, linaloitwa All India Federation of Master Printers.

Huku kwetu mchapaji anajiunga wapi?

Wenye viwanda vikubwa Kenya wengi wako ndani ya Kenya Association of Manufacturers, KAM, iliyoanza 1959 na yenye kundi la karatasi na ubao wa karatasi. Tanzania kuna Shirikisho la Wenye Viwanda, CTI, tangu 1991. Kwa ngazi ya jumuiya kuna Baraza la Biashara la Afrika Mashariki, EABC, lenye makao Arusha.

Hizo zote ni nyumba kubwa, na ndani yake mchapaji ana chumba kimoja. Mwenye mashine moja ya ofseti na gilotini ya mkono aghalabu hayumo humo, na ndiye mwenye shida nyingi zaidi. Ukurasa huu nimeuandika nikimfikiria yeye.

Ni lazima kujiunga?

Kwetu hapana, ni hiari. Kwingine si hivyo. Ujerumani karibu kila kampuni kisheria ni mwanachama wa chemba ya viwanda na biashara ya eneo lake, lakini chama cha wachapaji chenyewe kinabaki cha hiari. Nigeria wamechukua njia nyingine: sheria ya mwaka 2007 ilianzisha Chartered Institute of Professional Printers of Nigeria, ikaifanya kazi ya uchapaji kuwa taaluma yenye chombo cha kuisimamia. Mimi ninapendelea hiari. Chama ambacho mtu hawezi kukihama hakina sababu ya kuamka mapema.

## Faida na gharama

Nikilipa ada, napata nini?

Mara nyingi watu hujibiwa kwa orodha ndefu inayong'aa. Nitaje yale ninayoyaona yana thamani kweli: kujua gharama zako, sauti kwenye mambo ya kodi, mafunzo ya mafundi, viwango vya ubora, na taarifa za soko kabla hujanunua mashine. Mambo manne ya mwanzo yana maswali yao hapa chini.

La mashine niliseme hapa. Wengi wetu tunanunua mashine zilizotumika kutoka Ulaya. Picha inayotumwa kwenye simu inaonyesha rangi mpya na kihesabio cha karatasi zilizopita kikiwa na namba ndogo. Kwenye chama utapata mtu aliyekwisha kununua modeli ile ile, akakuambia roli gani (zile silinda za kusambaza wino) huwa zimekwisha, bodi ipi ya umeme haipatikani tena na fundi gani anaijua. Simu moja ya namna hiyo yaweza kuokoa ada ya miaka mingi. Ukitaka kuona mashine mpya kabisa, maonyesho makubwa ya dunia ni drupa, Düsseldorf, Ujerumani, yanayofanyika tangu 1951 na sasa kila baada ya miaka minne. Vyama hupanga safari za pamoja.

Kwa nini vyama vya uchapaji vinasisitiza hesabu ya gharama kuliko kitu kingine?

Kwa sababu mchapaji anaweza kuwa na kazi tele na bado afilisike, tena bila kujua ameumia wapi.

Chukua kazi ya kila siku: vipeperushi vya A5, rangi nne pande zote mbili, kwenye mashine inayopokea karatasi ya sentimita 45 kwa 64. Karatasi moja inatoa vipeperushi 8. Ukipanga mbele na nyuma kwenye pleti zile zile, kisha ukageuza karatasi na kuipitisha tena, pleti 4 zinatosha. Mteja anataka vipeperushi 1,000. Karatasi zinazohitajika ni 125. Fundi wa makadirio anaongeza asilimia 10 za kuharibika, anapata 138, anapiga bei.

Sasa simama kando ya mashine. Fundi anafunga pleti, anafungua wino, anavuta karatasi za kwanza. Bluu imekaa juu ya nyekundu kwa nusu milimita, anarekebisha. Maji yamezidi, rangi imefifia, anapunguza. Anavuta tena, analinganisha na sampuli, anaongeza njano. Mpaka anasema "sawa, tembeza", karatasi 150 ziko sakafuni. Jumla ni 275, na wewe ulimtoza mteja 138. Nusu ya karatasi umeinunua wewe.

Kazi hiyo hiyo ikiwa ya vipeperushi 5,000, karatasi nzuri ni 625, na zile 150 za kuandaa mashine ni zile zile. Ndiyo maana kiwango kimoja cha asilimia hakifai kwa kila kazi. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea nilichapa kazi ndogo ndogo nyingi kwa hesabu ya asilimia 10, na sikuelewa kwa nini stoo ilikuwa ikiisha karatasi kabla ya mwezi kuisha. Aliyenionyesha ni mzee mmoja wa kazi hii, mshindani wangu, tukiwa kwenye mkutano.

Na gharama ya saa ya mashine inakokotolewaje?

Jumlisha kila kinacholiwa na mashine hiyo kwa mwezi: sehemu yake ya pango, mishahara ya fundi na msaidizi, umeme, mkopo au uchakavu, vipuri, na sehemu yake ya gharama za ofisi. Tuseme imefika shilingi 6,000,000. Mwezi una siku 26 za kazi za saa 8, yaani saa 208. Wengi hugawa hapo na kupata kama shilingi 28,800 kwa saa.

Lakini mashine haikuchapa saa 208. Kulikuwa na umeme kukatika, kusubiri pleti, kusubiri mteja aidhinishe, kuosha roli. Ukiandika kwa uaminifu kwenye daftari unaweza kukuta saa zilizouzika ni 110. Gawa tena: zaidi kidogo ya shilingi 54,500. Huo ndio mzigo wa saa moja, kabla ya karatasi na kabla ya faida.

Jambo hili si geni. Mwaka 1909 wachapaji wa Marekani walifanya kongamano zima Chicago kuhusu kutafuta gharama, kwa sababu waligundua kwamba wengi wao walikuwa wanakadiria bei kwa kumtazama jirani. Jirani naye alikuwa anawatazama wao.

Chama kinaweza kunipatia zabuni?

Hakipaswi. Chama kikianza kugawa zabuni kimeingia kwenye kosa. Soma sehemu ya bei na sheria. Kinachoweza ni kukufanya uwe tayari. Tanzania ununuzi wa umma unapitia mfumo wa mtandaoni wa NeST tangu 2023, na mchapaji ambaye hajui kuingiza nyaraka humo anakosa kazi kabla hata bei yake haijasomwa. Kenya kuna mgao wa asilimia 30 wa zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Chama kinaweza kufundisha haya kwa siku moja, na pia kuandika kwa mamlaka pale masharti ya zabuni yanapotaka kitu kisicho na maana kwa kazi yenyewe.

Na mafunzo ya mafundi?

Hapa vyama vyetu vimelala, na ninasema hivyo kwa uchungu. Fundi wa ofseti kwetu anafundishwa kwa kusimama kando ya fundi mwingine, na anarithi makosa yake yote. Wakati huo waajiri wanalipa tozo ya mafunzo kila mwaka. Kenya ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, zinazokwenda NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Tanzania Bara kuna tozo ya kuendeleza ujuzi kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Mwajiri mmoja akienda kuomba kozi ya kusoma rangi kwa mafundi wawili, hasikilizwi sana. Chama kikienda na majina ya mafundi 40 na mtaala mkononi, hapo kuna mazungumzo. Fedha ni zenu tayari. Kinachokosekana ni kwenda pamoja.

## Bei na sheria

Soko limeharibiwa na wanaochapa kwa bei ya kutupa. Kwa nini chama kisiweke kiwango cha chini cha bei kwa wote?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu ni kwamba sheria inakataza. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei, kususia mtu kwa pamoja, na kula njama kwenye zabuni. Kenya, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 ina kifungu mahususi kuhusu vyama vya kibiashara: hata kutoa mapendekezo kwa wanachama kuhusu bei, kiasi cha faida ndani ya bei, au kanuni ya kukokotolea bei, ni kosa. Kuandika "bei elekezi" badala ya "bei" hakukuokoi.

Wamarekani waliupitia mtego huu. Lile somo la gharama la 1909 lilikuwa jema, lakini miaka iliyofuata likaanza kutelezea kwenye bei sanifu, na katika miaka ya 1920 tume yao ya biashara ikawaandama na kuwaamuru waache. Mpaka uko hapo: kumfundisha mtu ajue gharama yake mwenyewe ni elimu, kumwambia auze kwa shilingi ngapi ni kosa.

Na tukiweka sheria pembeni, kiwango cha chini cha bei cha pamoja hakidumu. Atakayekivunja kwanza ni mwenye mkopo wa benki unaoiva mwisho wa mwezi. Bei za kutupa nyingi nilizoziona zilitolewa na watu wasiojua gharama zao. Mtu akishaona zile karatasi 150 sakafuni, bei yake hupanda yenyewe.

Basi kwenye mkutano tunaruhusiwa kujadili nini?

Kodi, sheria, usalama, mafunzo, viwango, teknolojia, upatikanaji wa karatasi bandarini. Takwimu za sekta pia, mradi zimekusanywa na mtu wa tatu, ni za muda uliopita, na haziwezi kumtambulisha mwanachama. Msizungumzie bei ya sasa, wateja wa nani ni wa nani, au nani ataingia zabuni ipi. Mazungumzo yakielekea huko, simama, omba kumbukumbu iandikwe kwamba umepinga, na uondoke. Hili linahusu pia kundi la WhatsApp la chama, ambako watu hujisahau zaidi.

Tunaweza kusambaza majina ya wateja wasiolipa?

Kwa tahadhari kubwa. Kuna hatari tatu: kumchafulia mtu jina, kuvunja sheria za ulinzi wa taarifa binafsi (Kenya ya 2019, Tanzania ya 2022), na kuonekana mnamsusia mteja kwa pamoja. Njia salama ni kutumia taasisi za taarifa za mikopo zilizosajiliwa, na chama kuwapa wanachama mkataba wa mfano unaotaja malipo ya awali, umiliki wa kazi hadi deni liishe, na siku za kulipa. Mkataba wa kurasa mbili umenisaidia kuliko orodha yoyote ya majina.

## Kodi na serikali

Chama kinawezaje kugusa bajeti?

Kwa kufika mapema na hesabu. Bajeti za Kenya, Uganda na Tanzania husomwa mwezi Juni, lakini mapendekezo huitishwa miezi mingi kabla. Viwango vya ushuru wa forodha huamuliwa kwa pamoja na mawaziri wa fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, chini ya ushuru wa pamoja ambao tangu Julai 2022 una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Nchi ikitaka kutoka nje ya ngazi hizo huomba ruhusa ya mwaka mmoja, ambayo hutangazwa kwenye gazeti la Jumuiya.

Kwa hiyo mchapaji anayeanza kulalamika Julai amechelewa mwaka mzima. Na barua inayosema "ushuru unatuumiza" haiendi popote. Barua inayosema karatasi ya aina fulani, yenye namba hii ya forodha, haitengenezwi ndani ya Jumuiya, na ni sehemu fulani ya gharama ya daftari moja, hiyo inasomwa. Tatizo ni kwamba takwimu hizo ziko kwenye madaftari yenu, na wanachama hawataki kuzitoa. Chama kisicholishwa takwimu na wanachama wake kinakwenda wizarani mikono mitupu.

Kwa nini kitabu kilichochapwa nje kinaweza kuwa nafuu kuliko nilichochapa hapa?

Sababu ni nyingi: mashine kubwa, idadi kubwa, mikopo nafuu. Ipo nyingine isiyosemwa sana. Mwaka 1950 UNESCO ilipitisha Mkataba wa Florence, ambao chini yake nchi wanachama hazitozi ushuru wa forodha kwa vitabu vinavyoingia. Nia ilikuwa njema, elimu isizuiwe mpakani. Lakini mkataba ulikilinda kitabu kilichokamilika, si karatasi tupu na wino. Matokeo yake, katika nchi inayotoza ushuru malighafi, kitabu kinapita huru na karatasi ya kukichapia inasimamishwa.

Kasoro hiyo ilionekana. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 1976 iliongeza kiambatisho kinachogusa karatasi na mashine za kutengenezea vitabu, ila nchi inaweza kujitoa kwenye kiambatisho hicho. Chama cha wachapaji chenye akili kinaanzia hapo kwenye barua yake. Wachapishaji watakuunga mkono kwenye karatasi nafuu. Usitegemee wakuunge mkono kwenye kutoza kitabu cha nje. Mwaka 2013 Kenya ilipoweka VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu, maumivu yalifika kwa kila mmoja kwenye mnyororo, hadi kwa mzazi.

Mbona karatasi za kura zinachapwa nje? Chama hakiwezi kuzirudisha?

Kenya zilichapwa Dubai mwaka 2017 na Ugiriki mwaka 2022, kwa hiyo swali ni la haki. Karatasi ya kura ni uchapaji wa usalama: alama za siri, namba zisizojirudia, chumba kinacholindwa, kila karatasi iliyoharibika kuhesabiwa. Kuna kiwango chake, ISO 14298, na Ulaya ni shirikisho la wachapaji lenyewe, Intergraf la Brussels, linalotoa vyeti vyake. Hilo ni funzo kwetu. Kelele za uzalendo pekee hazitarudisha kazi hii. Chama kikisaidia hata viwanda viwili kupata cheti, mwaka wa uchaguzi hoja itakuwa na miguu.

## Ubora na afya

ISO 12647 inanihusu mimi mwenye mashine ndogo?

Ndiyo, kwa kiasi. Sehemu ya pili ya kiwango hicho cha kimataifa inahusu ofseti: wino uwe na rangi gani kwenye karatasi ya aina gani, na zile nukta ndogo za wino zinazounda picha zinaruhusiwa kuvimba kiasi gani. Wajerumani ndio mfano mzuri wa chama kushika jambo hili. Shirikisho lao, pamoja na taasisi ya utafiti Fogra iliyoanzishwa 1951, vilitengeneza utaratibu wa hatua kwa hatua ambao kiwanda chochote kinaweza kuufuata.

Kwako inamaanisha hivi: mteja anapokuja na lebo iliyochapwa mwaka jana na kusema "bluu si hii", mna kitu cha kupimia badala ya kubishana kwa macho chini ya taa ya duka. Kipima rangi ni ghali kwa duka moja. Maduka 10 yanaweza kununua kimoja na kukizungusha. Sijaona matumizi bora zaidi ya ada.

Chama kina uhusiano gani na kemikali tunazooshea roli?

Uhusiano wa uhai. Mwaka 2012 Japani ilitikiswa na habari za kiwanda kimoja cha uchapaji Osaka ambako wafanyakazi, wengi wakiwa bado vijana, walipata saratani ya mirija ya nyongo. Walikuwa wakiosha mashine kwa vimumunyisho ndani ya chumba kisicho na hewa ya kutosha. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kemikali iliyohusika, 1,2-dikloropropani, kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Nenda sasa kwenye duka lako uangalie dumu la kuoshea roli. Lina lebo? Unajua kilichomo? Mara nyingi ni dumu la mafuta ya kula lililojazwa upya mtaani. Mnunuzi mmoja akidai karatasi ya taarifa za usalama, muuzaji anamcheka. Chama kikiidai kwa niaba ya wanachama wote, ataileta. Wakati mnasubiri, fungueni madirisha, wekeni feni inayotoa hewa nje, na vitambaa vilivyolowa viwekwe kwenye pipa lenye mfuniko.

## Kuanzisha chama, na hali za nadra

Tuko wachapaji wachache mtaa mmoja. Tuanzeje?

Msianze na katiba. Anzeni na kazi moja ambayo kila mmoja anaihitaji na hawezi kuifanya peke yake, kwa mfano kile kipima rangi au kozi ya siku mbili ya gharama. Mkiimaliza na hesabu zikasomwa mbele ya wote, ndipo msajili. Tanzania Bara na Kenya unaweza kusajili chini ya sheria ya vyama, au kama kampuni yenye ukomo wa dhamana. Ya kwanza ni rahisi kuanza. Ya pili inawafaa mnapotaka kumiliki mali na kuingia mikataba. Wekeni kikomo cha vipindi vya uongozi tangu siku ya kwanza, kwa sababu baadaye hakuna atakayekubali.

Nina mashine ya dijitali moja tu. Nina nafasi?

Unayo. Hutakuwa na pleti wala karatasi 150 sakafuni, ila una mkataba wa kulipia kila nakala, na huo unahitaji macho mengi kuuelewa. Dai ada ipangwe kwa ukubwa wa biashara.

Kampuni kubwa imekiteka chama. Tufanyeje?

Kura moja kwa kila mwanachama, hata kama ada zinatofautiana, na viti vya lazima kwa wadogo kwenye kamati tendaji. Ikishindikana, undeni kundi la wadogo ndani ya chama kabla ya kufikiria kujitenga. Wizara hupenda kusikia sauti moja, na huchukua mgawanyiko kama sababu ya kutofanya lolote.

Dalali asiye na mashine aruhusiwe kujiunga?

Nina msimamo: si kama mwanachama kamili. Dalali mzuri anakuletea kazi na anastahili heshima yake, kwa hiyo awe mwanachama mshiriki. Lakini kwenye kodi ya karatasi na mafunzo ya mafundi, anayepiga kura awe ndiye anayelipa umeme wa mashine. Kampuni za mfukoni zinazochukua zabuni na kuzisukuma kwa nusu bei zisipewe cheti cha uanachama cha kwenda kuonyesha.

Mtaa wetu unasifika kwa vyeti bandia. Chama kinaweza kusafisha jina?

Nasser Road ya Kampala inaijua hali hii vizuri: mtaa wenye mafundi hodari wa kalenda na mabango, ambao jina lake hutajwa kila kunapokamatwa hati ya kughushi. Chama hakiwezi kuwa polisi. Kinaweza kuweka kanuni ya maadili inayosema kazi zipi hazichapwi bila barua ya mwenye nembo, kuwapa wanachama bango la kubandika kaunta, na kumfukuza aliyethibitika kuivunja baada ya kusikilizwa. Yule kijana wa kaunta anayeombwa "mihuri mitatu tu, haraka" akiwa na bango la kuonyesha kwa kidole, kazi ya kukataa inakuwa nyepesi.

Nilitoa ada miaka miwili, chama hakijaitisha mkutano. Nidai wapi?

Anza na katiba yenyewe: nyingi huruhusu idadi fulani ya wanachama kuitisha mkutano maalumu kwa maandishi. Tafuta saini hizo. Mkikataliwa, andikeni kwa msajili aliyekisajili chama, kwa sababu chama kina wajibu wa kuwasilisha taarifa zake kila mwaka na asiyewasilisha anaweza kufutwa. Kabla ya hapo, ombeni jambo moja tu, taarifa ya benki ya miaka hiyo miwili. Jibu mtakalopewa litawaambia kama cha kufufua kipo, au mrudi kwenye swali la kuanzisha upya.